Disketi Iliyolala Bombolulu

Mtongwe, Likoni
12 Februari 1996

Ndugu yangu Badi,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima huko Maskati na joto halijakumaliza. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila macho ya Mama. La kushoto sasa laona mwanga na kiza tu. Akusalimu sana, asema usishindie chai kazini.

Kompyuta imefika. Wanaume wanne waliibeba toka barabarani, na kila mmoja alitaka ajulikane ndiye aliyeshika upande mzito. Tumeiweka juu ya meza ya cherehani. Nimefuata karatasi yako hatua kwa hatua, na ilipowaka Mama akauliza, "Imesema nini?" Nikamwambia haisemi, yaonyesha tu. Akasema, "Basi ina adabu."

Kazi tumeianza. Wayajua yale madaftari yake saba ya ukunga: kila mtoto aliyempokea kwa mikono yake, jina lake, mamake, siku yake, na nani alikuwapo. Wengi wao hawana karatasi yoyote ya serikali. Wakitaka kipande cha utambulisho huja hapa wakiita, "Bi Mwanatabu!", Mama alitafute jina, mimi niandike barua, yeye atie kidole gumba, na chifu aikubali. Sasa mchwa wameingia kabatini. Daftari la pili limebaki kama wavu. Na yote ameyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wake mwenyewe ambao mimi hunishinda. Kwa hivyo yeye hulishika daftari karibu na pua, asome kwa jicho lililobaki, nami niandike. Nyumba nzima yasikia majina mchana kutwa. Jirani yetu Nyamvula huja kusikiliza watoto wake tisa wakitajwa, kisha huenda zake akicheka.

Ahsante kwa kutununulia mashine mpya. Mungu akuzidishie.

Dada yako,
Kulthum


Maskati
9 Machi 1996

Dada yangu Kulthum,

Shikamoo, na kwa Mama shikamoo nyingi. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale pa adabu nilicheka hadi mwenzangu wa chumbani akaniuliza kulikoni.

Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya hiyo mashine mna sahani inayozunguka kwa kasi, na kila ulichoandika kimo juu yake. Sahani hizo hufa, dada, na hazipigi hodi. Leo yafanya kazi, kesho imekwisha na kila kilichomo. Nimekutilia disketi kumi. Kila Ijumaa tia moja, unakili kazi yote. Kisha disketi zisilale nyumba moja na mashine, maana moto au mvua haichagui. Mpe binamu yetu Tumu azihifadhi kwake Bombolulu.

Na madaftari usiyatupe, hata yakiwa vumbi.

Nduguyo,
Badi


Mtongwe
2 Julai 1996

Mpenzi Badi,

Salamu kwa wingi. Hali zetu ni njema, lakini jicho la kulia la Mama nalo lafuata njia ya mwenzake. Daktari asema hakuna la kufanya. Tumshukuru Mungu kwamba tuliharakisha, kwani Alhamisi iliyopita tumemaliza. Majina elfu moja mia moja arubaini na tatu. Mama aliposoma la mwisho alilifunga daftari, akaniambia, "Nimekukabidhi. Sasa ni wewe."

Disketi nimefanya kama ulivyosema, ila si kila Ijumaa: nilingoja tumalize, nikatia moja. Niliishika kwa kipanya ile picha ndogo iliyo kwenye kioo, iliyoandikwa WATOTO, nikaiburura hadi kwenye disketi. Wallahi ni rahisi, hata pumzi mbili hazikupita. Iko Bombolulu, ndani ya sanduku la Tumu la nguo za Idi.

Madaftari utanisamehe. Mchwa walishafika kwenye fremu za milango na boriti za dari. Ilibidi niyachome pamoja na kabati. Usikasirike, kazi yote ipo, mahali pawili.

Dada yako,
Kulthum


Maskati
28 Julai 1996

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, kuna mtu anarudi Mombasa leo.

Umeyachoma? Yote saba? Dada!

Basi, yamepita. Niambie jambo moja tu: hiyo disketi umeifungua kwenye kompyuta nyingine ukayaona majina kwa macho yako? Pumzi mbili ni chache mno. Nenda kwa fundi yeyote, uifungue, kisha uniandikie. Tafadhali.

Badi


Mtongwe
19 Novemba 1996

Badi, ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sijui nianze wapi. Mama ni mzima. Naanza hapo.

Barua yako ya Julai niliipata, nikaiona ni wasiwasi wa watu wa ofisini. Nikasema nitakwenda Tumu akiwa na nafasi. Shule zikafunguliwa, nikawa darasani nikifundisha kutwa, zikafungwa.

Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, alikuja mama mmoja na binti yake anayetaka kipande. Nikawasha mashine. Ikatoa mlio, kit, kit, kit, kama mtu agongaye bati kwa ukucha. Kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza. Nikaizima, nikaiwasha. Kit, kit, kit. Yule binti akaniuliza, "Mwalimu, imeharibika?" Nikamwambia umeme ni mdogo leo, waje kesho kutwa.

Nikampelekea fundi mmoja Changamwe, aitwa Ngumbao, kijana wa watu, mpole. Akaifungua, akaiskiza kama daktari askizavyo kifua, akatikisa kichwa. "Sahani imekwaruzika, dada. Hii imekufa." Wala sikushtuka sana. Nilimwambia aningoje. Nikaenda Bombolulu, nikavuta sanduku la Tumu, nikarudi Changamwe nayo disketi mkononi, nimeishika kama yai. Akaitia. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akanigeukia.

"Dada, hamna kazi humu."

"Angalia vizuri. WATOTO, si hiyo hapo?"

"Naiona. Lakini hii ni picha ya kuonyesha kazi yako iko wapi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ile sahani. Ulinakili kibao cha njia, nyumba ikabaki kule."

Badi, nilikaa kwenye kiti chake. Lahaula. Elfu moja mia moja arubaini na tatu. Aliniletea maji, nikayaweka mezani pake. Madaftari niliyachoma kwa mkono wangu huu.

Mama sijamwambia. Kila siku aniuliza, "Yule binti karudi?" Nisaidie. Huko kwenu kuna mafundi wakubwa. Niambie kuna njia.

Kulthum


Maskati
8 Desemba 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi sakafuni.

Nimeuliza kwa mafundi wote ninaowajua. Sahani iliyokwaruzika hivyo hairudi. Sitakudanganya kwa hili, maana nimekudanganya kwa lingine, na sasa nalisema.

Ile mashine haikuwa mpya. Ilikuwa yatupwa pale ofisini. Mara mbili ilikwisha kutoa mlio huo huo, nikaigusagusa ikaamka, nikaifuta vumbi, nikaitia kwenye boksi la nyingine. Nilitaka Mama aseme mwanangu kanunua. Ndiyo maana nilikuhimiza disketi. Nilijua, dada. Na ile picha ya WATOTO niliiweka mimi kwenye kioo kabla sijaituma mashine, ili ikuwie rahisi, wala sikukueleza kwamba si yenyewe.

Usijilaumu peke yako. Nilaumu na mimi.

Badi


Maskati
16 Februari 1997

Dada Kulthum,

Shikamoo. Idi imepita na sijapata mstari kutoka kwako. Naomba neno moja tu. Mama yu hai? Nitukane ukitaka, lakini andika.

Nduguyo ambaye hana usingizi,
Badi


Mtongwe
25 Mei 1997

Badi,

Assalaam aleikum. Mama yu hai. Macho yamefunga yote mawili, ila anakula na anasali.

Barua yako ya Desemba niliipasua. Miezi mitano nilikuchukia, nikasema mtu huyu si damu yangu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mwingine.

Mama nilimwambia mwezi wa Januari. Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. "Hata daftari la kwanza, la wakati bibi yangu akinifunza kazi?" Nikasema hata hilo. Akanyoosha mkono akitafuta uso wangu, nikadhani atanipiga, nami nilitaka anipige. Akanishika sikio tu. Akalishika muda mrefu, mkono wake baridi kama samaki. Siku tatu hakutoka chumbani mwake.

Siku ya nne akamwita Nyamvula, akamwambia ataje watoto wake tisa, nani alitangulia, nani alikuja mwezi wa mfungo ukiandama. Nyamvula akataja, Mama akaongeza yaliyosahaulika, mimi nikaandika kwa kalamu. Habari zikaenea. Wanawake wakaja toka Mtongwe yote, hata waliohamia Utange. Mama hakumbuki tarehe, akumbuka uchungu wa kila mmoja: huyu siku mbili, huyu kabla maji hayajachemka. Tumepata mia sita themanini na nane. Waliobaki mama zao wamekufa, au wamehama, au hatuwajui tena hata kuwaita.

Wiki iliyopita alikuja mtu aitwaye Fondo, wa miaka thelathini hivi. Mamake, Mwanarehema, alikufa yeye akiwa mdogo. Alimwachia neno moja tu, kwamba Bi Mwanatabu ndiye aliyempokea, basi, hajui zaidi. Kapata kazi bandarini, na bila kipande haimngoji. Mama akafikiri sana. "Kina Mwanarehema hapa ni wengi, mwanangu. Sikukumbuki. Nikitia kidole kwa nisiyemjua, kesho chifu atawakataa hata wa haki."

Fondo alivaa kofia, akaivua tena. Mama akanigeukia. "Kulthum, wewe uliyaandika yote. Jina hili ulilipitia?"

Nikasema, "Nalikumbuka, Mama. Lilikuwamo."

Akatia kidole. Fondo akanibusu mkono, machozi yakaniangukia kidoleni.

Badi, silikumbuki. Nimejaribu tangu siku ile. Huenda lilikuwamo. Huenda halikuwamo. Hakuna tena pa kuangalia, si kwenye daftari wala kwenye disketi, na Mama ameniamini kwa sababu mimi ndimi niliyekabidhiwa.

Nakala ya majina niliyoitia pamoja na barua hii nimeiandika kwa kalamu. Nyingine iko hapa, ya tatu kwa Tumu. Fondo ni wa mia sita themanini na tisa. Nimekusamehe ya mashine. Sina tena mdomo wa kukunyima msamaha.

Niambie kama nimwambie Mama. Usijibu upesi.

Dada yako,
Kulthum