Kibla ya Melini

Melini, Jumatano

Mama yangu mpenzi, Bi Bashira,

Shikamoo, mama. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Kiembe Samaki, miguu imepungua kuuma, na mdogo wangu Radhiya ujauzito haumchoshi sana. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Akili ndiyo haijanirudia. Kama Radhiya yuko karibu, ingia chumbani ufunge mlango ndipo uendelee kusoma. Pandu aliyekuletea mpe maji, akusubiri ukumbini. Simu tumefungiwa huku, ndiyo maana nimempa barua akishuka na helikopta.

Mkweo Anuar alikuwa akikusimulia kuwa meli yetu hii ya kuchimbia mafuta haitii nanga. Mashine huishikilia juu ya kisima, na pua yake hugeuzwa upepo ukibadilika. Kwetu mihrabu haihami. Huku kibla huzunguka. Basi kabla ya sala mmoja wetu hupanda kwa nahodha kuuliza tumeelekea wapi, kisha tunageuza mikeka katika kijichumba chetu kando ya mabomba ya kuchimbia. Kazi hiyo ya kuuliza ni yangu, na nilikuwa nikijiona mufti kwayo.

Jana adhuhuri nilirudi nikawaambia wageuke. Anuar alikuwa keshatandika mbele. Akanitania kuwa shemeji yake hamwachi mtu akakaa mahali pamoja, akabeba mkeka wake akaenda nyuma, ukutani. Tukiwa kwenye sijida, kreni ikaangusha bomba. Likaupasua ule ukuta wa bati kama karatasi. Tulipoinua vichwa, Anuar hakuinua.

Mama, Anuar amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeandika hivyo na bado siamini. Nilikuwa mbele yake tu, sikupata hata mkwaruzo. Walinipa chai nikaishika mpaka ikapoa.

Mwambie Radhiya wewe, kabla watu wa kampuni hawajapiga hodi. Mwite Bi Mwatum jirani amshike, maana hali yake ile si ya kupokea mshtuko peke yake. Maiti nitakuja nayo mwenyewe kesho, inshallah, azikwe kwao Bwejuu.

Lipo jingine, mama, na Pandu halijui. Nahodha aliniambia kuwa meli itageuzwa adhuhuri. Niliposhuka na kusikia adhana nikachukulia imeshageuka, wala sikurudi kuhakikisha. Haikuwa imegeuka. Walikuwa wakingoja kreni imalize kuhamisha yale mabomba. Kibla ilikuwa kule kule mbele alikotandika Anuar mwanzo.

Nisalimie Bi Mwatum na jamaa wote wanaoniuliza. Radhiya usimpe salamu zangu mpaka umwambie na hili, kisha mwenyewe aamue kama atazipokea.

Mwanao,
Nadir