Kuhusu Sanamu Wanayotaka Kumfanyia Ragnhild

Mtaa wa Cypress,
Santa Ana, California.
9 Novemba 2019.

Mpendwa Shemeji Torborg,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na Wendell wako, na kabla ya lolote naomba nijue hali ya goti lako tangu lilipofanyiwa upasuaji. Je, umeanza kupanda ngazi? Nimesikia theluji imekwisha kufika Duluth, nawe si mtu wa kukubali kuambiwa ukae ndani. Tafadhali kubali mwaka huu. Kifua cha Wendell nacho kinaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa macho yangu, na usingizi ambao hunijia saa usipohitajika, hasa padre anapoanza mahubiri.

Nakushukuru sana kwa zile chupa za samaki wa siki. Niliwala wote, pamoja na wale ambao sikuwapenda, kwa kumheshimu aliyewatuma. Nami nitakutumia tamale za Krismasi, zile za nyama ya nguruwe, pindi binti wa jirani yangu atakapokuja kunisaidia kuzifunga katika maganda ya mahindi.

Uniwie radhi kwamba nimekuandikia badala ya kukupigia simu. Masista walionisomesha walituambia kwamba mtu akiwa na hasira na aandike, kisha asome alichoandika. Nimeiandika barua hii, nimeisoma, na hasira haijapungua. Afadhali uipate ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya bahasha kuliko kuisikia sikioni.

Kama ujuavyo, bustani ya burudani ya Larkspur, ambamo mke wangu Ragnhild, dada yako, alifanya kazi maisha yake yote ya utu uzima, imenunuliwa na kampuni mpya. Mabwana hawa wameamua kuadhimisha jubilei yake, na kwa ajili hiyo wamejenga ukuta mrefu mlangoni, wanaouita Ukuta wa Wabunifu. Nilialikwa kuutazama. Unaanzia zamani, wakati kampuni za tramu zilipojenga viwanja vya michezo mwisho wa reli ili watu wapate sababu ya kupanda tramu siku ya Jumapili. Unaendelea hadi gurudumu kubwa, farasi wa mbao wanaozunguka, treni ya mteremko, na mapango ya vitisho. Kisha unafika kwetu.

Shemeji, sikujua kwamba vitu hivyo vyote vilibuniwa kwa kidole. Katika kila picha yumo mwanamume mmoja aliyevaa tai, amesimama mbele ya mfano mdogo wa mbao, ananyoosha kidole. Anayenyoosha ndiye mbunifu. Wale waliokata mbao, waliopaka rangi na waliolala karakanani hawamo, kwa sababu mikono yao ilikuwa na kazi na haikupata nafasi ya kunyooshwa.

Picha ya Soko la Mto, kazi ya Ragnhild, nayo ipo. Marehemu Bw. Prewitt, aliyekuwa mwenye bustani, anaunyooshea kidole mfano wa ule mji mdogo. Aliyeushika mfano huo mikononi ni dada yako, lakini wamemkata. Vimebaki vidole vyake vinne ukingoni mwa picha. Nilivitambua mara moja. Kijana aliyekuwa akinitembeza alidhani ni sehemu ya meza.

Wewe ulipanda mashua za Soko la Mto mara moja tu, tena kabla hujaolewa, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe. Kabla ya Ragnhild, sanamu za mitambo katika mapango ya namna ile zilifanya mambo mawili tu: zilikurukia ili upige kelele, au zilikuinamia ili ufurahi. Yeye alijenga mji mzima usiokujali. Mashua inapita gizani, na kando ya mto mwokaji anakanda unga, kinyozi ananyoa, wanawake wawili wanagombana kwa sababu ya shuka. Hakuna anayeinua uso. Wageni walitoka mle wakinong'ona, kana kwamba wamechungulia madirisha ya watu. Baada ya hapo bustani nyingine zilituma wachoraji wao kuja kupanda mashua zetu wakiwa na kalamu mfukoni.

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia hata mezani kwetu: sanamu ikikutazama tu, ujue inataka kukuuzia kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kampuni inalifanyia Soko la Mto matengenezo makubwa, na inataka kumweka Ragnhild ndani yake. Namaanisha sanamu yenye uso wake, ameketi dirishani akichonga kichwa cha mbao. Katika wosia wake alituachia wewe na mimi haki ya jina na sura yake, na mwanasheria amenithibitishia kwamba idhini ya mmoja wetu yatosha. Walinialika karakanani Jumanne nikaione. Nilivaa suti.

Pale mlangoni nilimkuta Hideo Matsunaka, aliyetengeneza mota zote za mji ule pamoja na Ragnhild. Naye alikuwa amealikwa, nadhani ili picha ipendeze. Aliniangalia kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mwalimu, umevaa tai. Unakwenda kumposa tena?"

"Nimekuja kwa heshima," nikamjibu.

"Basi irudishe mfukoni. Huko ndani haina pa kukaa."

Nilimwomba apunguze sauti. Akasema ana miaka themanini na sita, na sauti ndiyo kitu pekee chake ambacho daktari hajakipunguza.

Akatokea Bw. Brantley Oakes, anayeitwa mkurugenzi wa ubunifu. Ni kijana mwenye meno mazuri sana. Aliniita kwa jina langu la ubatizo kabla sijaketi, akanishika bega, akaniambia kwamba anahisi amemjua Ragnhild maisha yake yote. Nilimuuliza kama aliwahi kukutana naye. Hakuwahi. Nikamwomba radhi kwa kuuliza.

Kisha wakaondoa kitambaa.

Torborg, sitakudanganya. Uso ni wake. Wameupata mpaka ule mkunjo kati ya nyusi, mpaka lile sikio lililokaa chini kidogo kuliko mwenzake. Mkono ulikuwa ukipeleka patasi polepole, jinsi alivyoipeleka. Nilivua kofia. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe, nami nikasimama mbele ya plastiki na nyaya nikiwa nimeshika kofia kifuani kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa.

Ndipo Bw. Oakes alipobonyeza kitufe. Sanamu ikaacha kazi. Ikainua uso, ikanitazama, ikatabasamu, ikapunga mkono, ikasema kwa sauti ya mwigizaji fulani wa redio kwamba nakaribishwa katika mji wake na kwamba kila mmoja wetu ana mbunifu ndani yake.

Hideo ndiye aliyesema kwanza.

"Huyu nani? Mbona mnatuonyesha mpokea wageni wa hoteli?"

"Huyo ni Ragnhild, Hideo," Bw. Oakes akamwambia kwa upole, kama anayesema na mgonjwa.

"Ragnhild angekupungia patasi, kijana. Ungetoka hapa unahesabu vidole."

Bw. Oakes akacheka. Hiyo ndiyo silaha ya watu hawa, wanacheka, nawe unabaki umeshika ukali wako mkononi bila pa kuuweka. Nikamweleza, kwa utaratibu niwezao, ile sheria ya marehemu. Akanisikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Naijua, nimeisoma kote," akasema. "Lakini wageni wa leo si wale. Mtu akipita mahali asitazamwe, anaona amedharauliwa. Tumewauliza. Wanataka kuonwa."

"Na wale wengine? Mwokaji? Kinyozi?"

"Wote watainua uso. Yeye ndiye wa kwanza, kwa heshima yake."

Yaani wanaibomoa kazi yake, na yeye mwenyewe ndiye wanayemtumia kama nyundo. Nilimwambia kwamba sitatia sahihi. Hakukasirika hata kidogo. Alisema ananielewa, kwamba majonzi ni safari, na kwamba kwa bahati njema wewe ulikwisha kuzungumza naye, ukalia kwa furaha kwenye simu, na karatasi ziko njiani kuelekea Duluth. Hideo akamuuliza majonzi ni safari ya kwenda wapi, na kama tiketi inauzwa pale mlangoni.

Najua wamekuahidi nini. Tiketi ya ndege, chumba cha hoteli, na kiti cha mbele katika mashua ya kwanza siku ya ufunguzi. Sikukudharau wewe kwa kulia. Hukuwahi kumwona katika miaka yake ya mwisho, kwa sababu ya goti lako na kifua cha Wendell, na mtu akikwambia kwamba utamwona dada yako tena, amekaa, anafanya kazi, anakupungia mkono, ni nani asingelia? Mimi mwenyewe nilivua kofia. Ninaowadharau ni wale waliolijua hilo mapema, wakaliweka katika mpango wao wa kazi katikati ya taa na viti vya mashua.

Naomba radhi kwa ukali huu. Naomba pia usinielewe kwamba nazikataa sanamu. Ragnhild alizipenda kuliko watu wengi, na pengine kuliko baadhi ya ndugu zangu, nami simlaumu. Wala sidai kwamba jina lake liandikwe kwa dhahabu kwenye ukuta wa vidole. Wamwache vilevile alivyo pale, na vidole vyake vinne. Ni kweli zaidi kuliko hiyo sura nzima.

Sasa nikuambie kilichonipa jibu, kwa sababu hasira peke yake nisingeiamini.

Wakati Bw. Oakes alipotoka kupokea simu, nilizunguka nyuma ya sanamu. Unajua kwamba nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana kila nilipomaliza vipindi vyangu vya hesabu shuleni. Nilikuwa nikiingia, nikiketi kwenye kreti nyuma yake, nikingoja. Alikuwa hageuki. Alisikia hatua zangu, akajua ni mimi, akaendelea. Mara nyingine niliwahi kula chakula changu chote, nikafunga chombo, nikarudi darasani, naye hajainua kichwa. Watu walinihurumia. Hawakujua kwamba hakuna saa nilizokuwa nimetulia zaidi duniani. Nilikijua kisogo chake, na shingo yake kwa nyuma, na vinywele vifupi vilivyokataa kubanwa, kuliko ninavyoujua uso wangu.

Basi nilizunguka nyuma nikione. Hakikuwapo. Kuanzia utosini mpaka mabegani ni uwazi, mna mota, mna nyaya za rangi tatu, na kijikaratasi cha namba. Hideo alinifuata, akatazama, akapunguza sauti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akanieleza kwamba si uvivu wao. Mashua hupita upande mmoja tu, na upande usioonekana na mgeni hautengenezwi; Ragnhild mwenyewe alimtengeneza mwokaji vivyo hivyo. Najua. Kwa mwokaji ni sawa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuketi nyuma yake.

Shemeji yangu, karatasi zikifika, nakusihi usitie sahihi. Ukitia, sitakununia, na tamale zitakuja kama kawaida. Nitasema tu kwamba sikuwamo katika uamuzi huo, wala sitapanda mashua ile. Lakini ukitaka kumwona dada yako, chukua ile tiketi yao ya ndege, au nitakutumia yangu, uje uketi kwenye ile kreti. Ninayo hapa nyumbani, imeelekea meza yake ya kazi, na mezani kiko kichwa kipya cha mmoja wa wale wanawake wa shuka, alichokiacha nusu. Hakuna kitakachogeuka kukutazama. Tutaketi tu.

Nisalimie Wendell, mwambie ajifunike kifua. Nisalimie mwanenu Karsten na mkewe, na yule mdogo wao anayeanza shule. Hideo naye anakusalimu, ingawa salamu zake zilikuwa na maneno ambayo mkono uliofunzwa na masista hauwezi kuyaandika. Mungu aliyemchukua Ragnhild akutunze wewe uliyebaki, na alipe goti lako nguvu ya kukuleta huku.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye na kukuheshimu,

Eleuterio Bañuelos