Sikudhani Hajanona, Mama

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tangu tukuzike mvua zimekuja zikaenda, na mie sijakuandikia hata mstari mmoja. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa na aibu. Aibu yenyewe nitakueleza, ila niache nianze polepole, maana mwanangu Sikudhani kalala, na akiamka tu kalamu naiweka chini.

Hapa Buguruni tupo. Baba Sikudhani bado yuko kiwandani Chang'ombe. Unga siku hizi ni wa njano, ule wa kuletwa na meli, tunaupangia foleni tangu alfajiri na mjumbe wetu wa nyumba kumi anasimamia majina. Kwetu Lindi, Mjomba na wenzake wamehamishiwa kijiji kipya. Shamba lako la mtama limebaki huko nyuma, sasa ni pori. Nakwambia hayo kwanza ili ujue nililofanya lina uzito gani.

Kile kibuyu chako, Mama. Kile cha mbegu ya mtama mwekundu, ulichokitundika juu ya jiko kipate moshi, ukatuambia, "Hii hailiwi hata tukilala njaa." Arobaini yako ilipokwisha nilikishusha, nikampa Mama Rukia wa chumba cha pili awamwagie kuku wake.

Nimeshasema.

Wenzangu wa uani walikuwa wananicheka. "Zuhura, huo uji mwekundu ni wa mtoto au wa kilabuni?" Wewe ulipokuwapo nilivumilia, maana ulikuwa ukiwajibu mwenyewe. Ulipoondoka nikajiona mshamba. Nikasema Sikudhani wangu naye atakula kama watoto wa mjini: maziwa ya kopo, uji wa sembe na sukari, chai na mkate. Kopo likiadimika dukani naongeza maji, mpaka maziwa yanakuwa rangi ya maji ya kusuuzia mchele.

Nawe ulinionya. Nilikwambia siku ile, "Mama, sie tuko mjini," ukanijibu huku unatwanga, "Na tumbo la huyu limehamia mjini lini?" Tukacheka mpaka mchi ukakuponyoka.

Basi akanona. Ndivyo tulivyosema. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa. Mama Rukia akanipigia kigelegele: "Shoga, kopo limekubali!" Mie nami namvalisha gauni fupi makusudi, watu waione ile miguu. Lakini mtoto hakuwa anacheka tena. Ukimkalisha mkekani unamkuta palepale, kama mzigo. Nywele zikageuka rangi ya ndevu za hindi. Nyumba ya tatu kulikuwa na mtoto mwingine aliyenona namna hiyohiyo, naye tulimsifu. Tumemzika.

Baada ya mazishi yale akaja Shangazi kutoka Temeke. Alimtazama Sikudhani, hakumbeba. Akasema mbele ya wanawake wote, "Huyu somo yake marehemu anamwita. Mbadilisheni jina kabla hajaenda."  

Mama, niliamini. Sitakuficha. Mie ndiye niliyempa mtoto jina lako, tena wewe ulikuwa unambeba ukimwita "mimi mdogo." Kwa siku kadhaa nilikuwa nikisikia sauti ya kitu uani najua ni kanga yako inapita. Nikaanza kugombana nawe moyoni. Nilikwambia maneno mabaya ambayo sitayaandika.

Kisha nikambeba nikampeleka kliniki. Nesi mmoja, mtu mzima, akamshika mguu akaubonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayejaribu muhogo kama umeiva. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Tukalitazama wote wawili, halijai.

"Mtoto huyu hajanona," akasema. "Amevimba. Ana njaa."

"Anashiba, dada. Anakula mpaka anasaza."

"Anashiba nini?"

Nikamtajia. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia kusini. "Na huko mnawakuzia nini watoto?" Nikaanza kuhesabu: uji wa mtama, karanga za kutwanga, mbaazi, kisamvu, mlenda wenye unga wa dagaa ndani. Nilipofika kwenye mlenda nikashindwa kuendelea. Alisubiri nimalize kulia. Akasema, "Ulikuwa na dawa nyumbani. Kamrudishie, kidogokidogo, mara nyingi, na kila wiki umlete nimwone." Nikamwuliza atapona? Akasema tumechelewa, tujaribu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Rukia kukidai kibuyu. Akaanza na mzaha wake, "Leo umekuwa kuku, mwenzangu?" Aliponitazama usoni akaacha. Kuku wake walikufa kwa kideri kabla hawajakimaliza. Kimebaki chini ya nusu, na wadudu wameshaingia. Alikileta mwenyewe, na karanga amezifunga kwenye pindo la kanga.

Kwa hiyo mbegu yako tunaila, Mama. Nimetenga vikombe viwili, nyingine naitwanga ya uji, na nyingine nikaanza kuifanyia kimea kama wewe: kuloweka, kuvumbika guniani mpaka ichipue, kuanika, kupukuta vile vichipukizi vyote, "hivi si vya tumbo la mtoto," ndipo kutwanga. Nakumbuka kijiko kimoja tu cha unga ule kilivyokuwa kinaulegeza uji mzito mpaka mtoto anaumeza bila kukabwa. Mkupuo wa kwanza niliuvumbika mno, ukaota ukungu, nikautupa. Imebaki ya kujaribu kimea mara moja tu. Kwa sasa ninampa uji wa mtama usiooteshwa na karanga, na dagaa.

Leo asubuhi nimeubonyeza mguu. Shimo limejaa, lakini taratibu. Akala vijiko vitatu. Cha nne akakikataa, akageuza uso mlangoni, akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mwezi uliopita. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kama ni wewe, Mama, rudi ulikotoka. Nakuheshimu, shikamoo, lakini rudi. Huyu simtoi, na jina sibadilishi. Atakuwa Sikudhani na atakuwa hai.

Naahidi vile vikombe viwili sitavigusa. Mvua zikinyesha nitavipanda nyuma ya choo, pale mjumbe alipotuonyesha tulime, na watakaocheka wacheke. Lala salama, mama yangu. Wa Lindi wote wanakukumbuka.

Ila kuna vitu navihitaji bado, na njia ya kuvileta naijua moja tu, ya ndoto, basi pitia hiyo:

Siku za kuvumbika ule mtama. Mbili au tatu?

Jina la yale majani uliyokuwa ukichanganya na mlenda, ya kuchuma bondeni kule Mabibo. Nimekwenda, nimeyaona mengi, nimeogopa kuchuma ya sumu.

Ule wimbo wa kijiko cha mwisho, uliokuwa ukimwimbia Sikudhani. Maneno ninayo, sauti imenipotea.

Na kidole chako, nikiubonyeza mguu kesho, kiwe juu ya changu.