Kopo la Majani ya Chai

Nuzha, Jeddah

Kwako Dada Rehema,

Shikamoo, dada yangu. Mama mguu wake umepoa? Na shemeji, lile buibui alilokuahidi tangu Ramadhani amelimaliza, au bado anatafuta uzi? Mimi mwili upo, nakula na kazi nafanya. Ya roho ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Unasema mama yake Njeri ametoka Nakuru hadi ofisini kwenu Mombasa, akakaa kwenye benchi na picha ya mwanawe mapajani, na mawakili wenu wameichukua kesi. Njeri yuko jela huku Jeddah kwa vidonge vilivyokutwa begini mwake, na kila akiulizwa ni vya nani hujibu kwamba ni mzigo wa rafiki, jina hataji. Kisha ukaniambia, "Wewe uko huko, mnajuana. Mtafute mwenye mzigo. Bila yeye hatuna pa kushika."

Nimemtafuta, dada, wala hakunisumbua. Ni mimi.

Njeri tulijuana Riyadh, pale Sulimaniyah, kwenye ofisi ya wakala, tukingoja makafili, hawa waajiri wetu, waje kutuchukua. Siku kumi na moja godoro moja. Yeye akisali kwake, mimi natandika mswala, na akimaliza mapema hunikemea nisirefushe, chai inapoa. Baadaye mimi nikaletwa Jeddah, yeye akabaki, tukawa watu wa simu.

Mgongo wangu unaujua. Nyanya wa nyumba hii hawezi kusimama, na wa kumnyanyua ni mimi. Vile vidonge vikali alivyoniandikia daktari wa nyumbani viliponiishia, Njeri alikuwa likizo. Na sisi huku, anayekwenda nyumbani harudi mikono mitupu, kila mtu ana kitu chake cha kuletewa, na kumfungulia mwenzio mzigo wake ni aibu. Basi nikampigia mwenye duka la dawa pale mtaani kwetu, amtumie Njeri Nakuru kwa basi. Na ujuaji wangu ukanituma niongeze: avitoe kwenye maboksi na karatasi zake, avimimine kwenye kopo la majani ya chai, maana maboksi yanajaza begi na Njeri kilo zake chache. Dawa ya daktari, ambayo huku bila karatasi huhesabiwa ya kulevya, nikaigeuza kitu cha kufichwa, na mwenzangu hakuambiwa.

Ndege yake ilipitia Jeddah kabla ya Riyadh. Musyoka, dereva wetu Mkamba, alikuwa ametumwa uwanjani kumchukua mgeni wa bosi, nikamwomba anipokelee kopo. Alirudi na mgeni peke yake. Akasimama mlangoni pa jikoni akasema, "Njeri mafi, hayupo. Watu wa forodha wamemwingiza ndani, na kopo liko mezani kwao."

Nilikuwa naosha sahani. Dada, nilizimaliza zote.

Sasa ni miezi minane. Madam akiitisha chai, mkono unaganda juu ya kopo. Namsikia Njeri nyuma yangu akiniambia nisirefushe, nageuka, hakuna mtu. Ujumbe wake wa mwisho bado ninao kwenye simu, anacheka: "Beshte, kopo lako nimelipakata kama mtoto." Siwezi kuusikiliza, na kuufuta siwezi. Naogopa, dada. Naogopa kafili, naogopa polisi, naogopa mama kusikia. Nimekuwa mwoga kupita nilivyojijua.

Nakumbuka nilivyokucheka ulipoanza kuwatetea mateja wa dawa za kulevya pale ofisini kwenu. Mlipokwenda kwa wabunge kuomba sheria isimkate mgonjwa, mtumiaji na mwuzaji kwa panga moja, nilisema mmekosa kazi, mtu hufungwa kwa alilotenda. Ukanijibu, "Hata mwizi ana wakili, sembuse mgonjwa." Nikakata simu. Leo aliyefungwa hakutenda, na aliyetenda anapika wali.

Basi ndani ya bahasha hii mna karatasi ya daktari, ina jina langu na jina la dawa. Pia mna maelezo yangu, nimeyatia sahihi: mzigo ni wangu, Njeri hakujua kilichomo. Wape mawakili. Wakisema nitakamatwa, waambie nimeshawaza. Usinitafutie njia ya kupunguza maneno, nakujua kwa huruma.

Mama mweleze wewe, taratibu, akiwa amekula. Nisalimie shemeji fundi, mjomba muadhini, na Bi Salma jirani aliyenifunza kusuka. Na mama yake Njeri, ikiwa atakubali salamu zangu, mpe. Akizikataa ana haki.

Musyoka anarudi nyumbani Alhamisi, halas, kazi imekwisha, na yeye ndiye nitakayemwomba aibebe barua hii. Bahasha sitaifunga. Nitamketisha asome kila neno mbele yangu, karatasi moja moja, kabla hajaitia begini. Akikataa, nitatafuta mwingine na sitamlaumu. Njeri sikumpa nafasi hiyo.

Mdogo wako, mwenye mzigo,
Zainabu