Jina la Kumi na Moja

Auckland, 3 Machi 1991

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya kiwandani inanikausha.

Nina habari! Kanisani huku, ndani ya wiki moja, watu watatu wamenililia jambo lilelile: makaburi ya wazazi wao huko kwetu kisiwani Lifuka yameota majani, hakuna wa kuyafagia. Mama, kilio kikirudiwa mara tatu, hiyo ni biashara inayosubiri mwenyewe. Wewe unafagia la Baba kila Jumamosi, ongeza mengine. Majina kumi ya marehemu nimeyaandika nyuma ya karatasi hii.

Mwanao, Lupeti

Lifuka, 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalia kama mlango mbovu. Wewe nawe, hata makaburini unaona soko! Ungekuja kumzika baba yako ungeyaona majani hayo kwa macho yako.

Haya, nimeanza. Nimemwaga mchanga mweupe, nimepanga kokoto nyeusi, watu wanakuja kutazama. Ila majina ni kumi na moja. La mwisho ni lako, "kando ya Baba". Utani gani huo? Nimeliruka.

Mama

Auckland, 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijambo, kikohozi tu. Niliandika kumi, nakala ninayo hapa. Labda kuna mtu njiani kakuchokoza. Wateja wamefurahi sana, na wengine wanaomba tuwafagilie! Nisamehe kuhusu mazishi. Desemba nakuja, naapa.

Mwanao

Lifuka, 6 Mei

Lupeti,

Hujambo? Kikohozi gani hicho? Juzi Jumamosi pale kando ya baba yako palikuwa majani matupu. Jana tukienda kanisani, nimekuta tuta la kaburi. Mchanga mbichi, kokoto zimepangwa kama nipangavyo mimi. Nani hapa kwetu anashika ufagio Jumapili, siku ambayo kazi ni mwiko? Hata walevi hawathubutu. Nimelipima kwa hatua: urefu ni wako.

Naogopa. Usingoje Desemba.

Mama

Lifuka, 3 Juni

Lupeti mwanangu,

U mzima? Meli imeleta barua mara mbili, yako haimo.

Kila Jumamosi pale ni majani tu, kila Jumapili tuta limerudi. Jana kengele ikilia, watu wamejifunga viunoni mikeka yao ya ibada wanaingia kanisani, mimi nimeshika ufagio. Nimeutawanya mchanga ule huku nalia, mchungaji akinitazama. Wacha waseme.

Wale kumi nitawafagilia. Hili lako nitalivuruga kila Jumapili, mpaka uniandikie. Hata mstari mmoja, mwanangu.

Mama yako