Atieno Amekataa Kubadilisha Namba

Jumanne, Julai. Baridi tupu. Jua halijatokea Westlands kutwa nzima, lakini nimerudi nyumbani nikiwa na furaha.

Atieno ni mwenzangu ofisini. Meza zetu zinatazamana. Mumewe humpigia simu ya mkononi, akakata, kisha akapiga ya mezani kuhakikisha kweli yuko kazini. Jioni husoma meseji zake zote. Akihisi kuna iliyofutwa, anampiga.

Jumapili Atieno alichukua watoto akahamia kwa dada yake, mtaa wa Jamhuri.

Jana mume akalipiza. Kumbe alikuwa amenakili namba zote zilizo kwenye simu ya mkewe. Akatuma meseji moja kwa zote: Atieno analala na wanaume wa ofisini. Niliipata. Bosi aliipata. Hata mchungaji wao.

Nilidhani leo Atieno hatakuja kazini.

Alikuja. Saa ya chai akasimama mbele yetu, kikombe amekishika kwa mikono yote miwili.

"Najua mmepata ile meseji," akasema. "Ni mume wangu aliyeandika. Amenipiga miaka mingi, sasa nimetoka kwake. Naomba msiifute. Naenda nayo polisi, nataka mashahidi."

Kisha bosi wetu, mama asiyependa maneno mengi, akachukua mkoba wake. "Yangu ninayo. Twende."

Tukaenda kituoni watatu.

Askari aliisoma akarudisha simu. "Mama, haya ni mambo ya nyumbani. Si mkaongee?"

"Ya nyumbani nimeyavumilia nyumbani," Atieno akamjibu, bila kupandisha sauti. "Hii ameipeleka kwa mchungaji na kwa mwajiri wangu. Andika, tafadhali."

Askari akamtazama bosi, akanitazama mimi. Akaandika.

Sijawahi kumwona mtu akiwa na hofu kiasi kile na bado asirudi nyuma hata kidogo.

Tukirudi nikamshauri anunue laini mpya. Akatikisa kichwa.

"Namba ni yangu. Mamangu anaijua kwa kichwa. Mbona nibadilishe mimi?"

Simu ikalia. Alilitazama jina la mumewe, akaizima sauti, akaendelea kutueleza jinsi watoto wanavyogombania kitanda kwa dada yake.

Je, mimi ningeweza kusimama vile mbele ya watu? Sijui, na sitajidanganya hapa.

Ila asubuhi nitampitia Jamhuri. Tutaingia ofisini pamoja.