Chachu Uliyoipika

Dada,

Chupa uliyoiosha kwa maji ya moto asubuhi haikuwa na uchafu. Ilikuwa chachu yangu, vijidudu hai nilivyovilisha unga wiki tatu ili leo niumue mkate wa kuombea kazi kwa mwoka mikate. Umevipika vyote, eti vinanuka. Muuguzi mzima, kwako kila kijidudu ni ugonjwa. Mkate unaokula huumuliwa na nini, sabuni?

Tena unaniambia, "Umebandika shairi kwenye chupa, hukuandika 'usiguse'." Neno hilo liko mshororo wa nne. Ungesoma.

Vilivyosalia kwenye mwiko wa kukorogea nimevitia katika kikombe cha bluu. Saa sita ongeza kijiko cha unga na maji vuguvugu. Naenda kumwomba mwoka anisubiri hadi Jumamosi.

~~Usikiguse kikombe.~~ Vilishe. Sina mwingine wa kumwachia.

Mdogo wako